KUKU WA UANI NI MALI YA NANI?

Nataka kusema na wanachama wenzangu, hasa makarani, juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Katika matoleo yaliyopita tumesoma mengi juu ya mishahara, kupandishwa vyeo, uhamisho na nyumba za kukaa. Hayo yote ni makubwa, na wenzetu wameyasema vyema. Mimi leo nataka kusema juu ya kuku. Acheke atakaye kucheka, kwa kuwa mimi mwenyewe nalicheka zamani, na kicheko kile kilinitia katika deni ambalo hata leo sijamaliza kulilipa.

Chama cha watumishi wa Serikali Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, wazee wale hawakukutana kwa ajili ya mishahara peke yake. Walitaka pia watumishi waonane, wasome, na kufundishana maisha yaliyo bora. Kwa hiyo sidhani kwamba natoka nje ya desturi yetu nikiuliza swali hili: kuku walioko uani mwa karani ni mali ya nani?

Jibu lililo jepesi ni kwamba ni wa baba wa nyumba. Nyumba imepangwa kwa jina lake, pumba imenunuliwa kwa mshahara wake, na majirani wakiwaona kuku njiani husema, "Hao ni kuku wa Bwana Fulani." Mimi naliamini hivyo kwa miaka mitatu. Sasa nasema kwamba jibu hilo si la haki, na kwamba nyumba nyingi za watumishi hukosa faida ya mifugo, na pengine hukosa amani pia, kwa sababu ya kulishika. Mali ya uani ni ya yule aitunzaye. Na baba akitaka kuichukua, yampasa aombe na alipe kama mtu mwingine yeyote. Nitaeleza kwanza jinsi nilivyofundishwa neno hili, kisha nitawajibu wale watakaonipinga.

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba itahamia Dodoma yote, shauri ambalo lilikuwa limekatwa tangu mwaka 1973. Mimi nalihamishwa mwaka 2017. Kule Dar es Salaam tulikuwa tukikaa vyumba viwili vya kupanga, na ua ule ule ulitumiwa na jamaa nyingine tatu. Hapakuwa na nafasi hata ya kifaranga. Huku Dodoma tulipata nyumba yenye uwanja mpana na mwembe mmoja. Mke wangu alipouona uwanja ule hakusema neno juu ya vyumba; aliuliza tu kama mwenye nyumba ataturuhusu kufuga.

Alianza na mitetea minne na jogoo mmoja, aliowanunua kwa fedha yake ya ushonaji. Mimi sikutoa hata senti. Nalimwambia kwamba kuku wa kienyeji ni mchezo wa shamba, wala haumpasi mke wa mtumishi. Hakunijibu. Alimwita fundi, wakajenga banda la mabanzi na wavu, likainuliwa kutoka ardhini ili panya na kicheche wasipate njia. Kila alfajiri alifagia chini ya banda, na kinyesi alikilundika pembeni mpaka kioze vizuri, ndipo akitie katika bustani ya mchicha. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na kuku 34, bata wawili, na mbuzi jike mmoja aliyepewa na dada yake. Watoto wetu watatu walikula mayai, na mboga haikununuliwa sokoni.

Hapo ndipo mimi nalipoanza kusema "kuku wangu."

Afisa mifugo wa kata alipita nyumbani akatuonya juu ya kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Alisema ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Una kinga tu. Kinga yenyewe ni tone moja la chanjo katika jicho la kuku, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kuku awe mzima wakati wa kuchanjwa. Mke wangu aliniomba fedha ya kichupa, maana mwezi ule cherehani ilikuwa imeharibika. Nalimjibu kwa maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka huona haya: nalisema kwamba sijapata kusikia kuku wa kienyeji akipelekwa kwa daktari. Hayo yalikuwa mwezi wa Agosti, 2018. Katika Septemba kuku mmoja alionekana akipumua kwa shida na kuharisha kijani. Siku ya pili walikuwa sita, na wengine wamepinda shingo. Kwa muda wa juma moja tulizika kuku 29. Walibaki watano.

Jioni moja ya juma lile nalikaa barazani nikajifariji kwa methali ya wazee, kwamba kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Mke wangu akanisikia, akasema, "Baba watoto, usimsingizie mwewe. Lilikuwa ni tone moja."

Wenzangu, ingenipasa nijifunze siku ile, lakini sikujifunza. Mke wangu alianza upya na wale watano. Ni vyema makarani wasiofuga wajue kazi hiyo ni ya namna gani. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kama kumi na mawili au kumi na matano, kisha huatamia siku 21, halafu hulea vifaranga kwa majuma mengi, na wakati huo wote hatagi tena. Kwa njia hiyo hutaga mara tatu au nne kwa mwaka, yaani mayai 40 hadi 60 tu. Na si kila yai huanguliwa, wala si kila kifaranga hukua: mwewe, paka, mvua na baridi huchukua fungu lao. Kifaranga aliyeokoka huhitaji miezi sita hivi kabla ya kufaa kuuzwa. Kwa hiyo mtu amwonapo mtetea mmoja mnene uani, aone nusu mwaka wa kuamka alfajiri. Mimi naliona kitoweo.

Mwisho wa mwaka 2020 kuku wazima walikuwa wamefika ishirini na sita, na safari hii walikuwa wamechanjwa, kwa kuwa mke wangu hakuniomba tena fedha ya chanjo. Binti yetu mkubwa alikuwa amefaulu kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ijapokuwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, sare, godoro, madaftari na nauli havikuondolewa. Mke wangu alikuwa ameweka tayari mitetea tisa ili wauzwe Januari kwa kazi hiyo, nami sikuambiwa, kwa sababu nilikuwa sijauliza.

Katika Desemba ile mwenzetu mmoja wa ofisini alikuwa akioa. Nalikuwa mjumbe wa kamati ya harusi, nami nalikuwa nimeahidi mbele ya watu mchango mkubwa kupita kiasi cha mfuko wangu. Siku ya Jumamosi mke wangu alikwenda msibani Kondoa. Mnunuzi wa kuku akapita na baiskeli yake na matenga. Nalimwita, akachagua mitetea tisa iliyo minene, akanilipa, nami nikapeleka mchango wangu jioni ile ile, nikapigiwa makofi. Wawili katika wale tisa walitolewa juu ya mayai waliyokuwa wakiatamia. Sikujua. Mayai 23 yakapoa.

Mke wangu alirudi Jumatatu. Alinisalimu, akatua mfuko, akaenda bandani. Akarudi akapika, tukala. Baada ya chakula akaniletea daftari moja la shule lenye jalada la bluu, akaliweka mbele yangu. Nalilifungua nikaona mwandiko wa binti yangu. Alikuwa amepiga mistari vizuri kwa rula, na juu ya kila safu ameandika kichwa chake: Tarehe. Walioanguliwa. Waliokufa. Mayai. Waliouzwa. Chakula na dawa. Na safu ya mwisho ilikuwa na kichwa hiki: Amechukua Baba.

Safu ile ilijazwa kwa muda wa miaka miwili. "Jogoo 1, wageni wa Baba." "Mayai 12, Baba ampelekea mkubwa wake." "Mtetea 1, Baba alipata nauli." "Jogoo 1, mpira." Hili la mpira nalilikumbuka: nalikuwa nimeshindana na jirani juu ya timu zetu, nikashindwa. Nalihesabu mara kumi na saba. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya Jumamosi ile, na mahali palipobaki palikuwa patupu. Mke wangu akanipa kalamu akasema, "Jaza mwenyewe, maana wewe ndiye karani."

Naliandika: Mitetea 9. Akanionyesha mstari wa pili. Naliandika: Mayai 23.

Hapakuwa na ugomvi. Laiti ungalikuwapo! Juma lile lile mke wangu aliwagawa kuku waliobaki kwa ndugu zake, akalifunga banda, akarudi katika cherehani yake. Nalikopa fedha kununua godoro, nayo ilichelewa kupatikana; binti yangu akaripoti shule juma zima baada ya wenziwe. Banda lilikaa tupu miezi saba. Mayai tulinunua dukani moja moja, na mdogo wa watoto akaniuliza kwa nini kuku wetu wamehama.

Sasa, makarani wenzangu, fikirini. Mimi nafanya kazi ya masijala. Kwa miaka mingi sijapata kuruhusu jalada moja litoke chumbani bila kutiwa sahihi, awe anayelitaka ni mkubwa au mdogo. Bohari haitoi ream ya karatasi bila hati. Mweka hazina hatoi shilingi bila stakabadhi. Na mkaguzi wa hesabu akija akakuta pengo, mwenye ufunguo huulizwa. Hakuna hata mmoja wetu asemaye kwamba kwa kuwa yeye ni mkubwa wa ofisi, basi vyote vilivyomo ni vyake. Lakini tufikapo nyumbani saa kumi na moja jioni, tuliokuwa waaminifu tangu asubuhi twaingia bandani kama kicheche. Wazee walisema kwamba mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Sisi twadhani methali hiyo ni ya kuku wa jirani tu. Siku ile nalijua kwamba mwenziwe mtu aweza kuwa ni mkewe.

Najua maneno nitakayojibiwa, maana mengi nimekwisha kuyasikia.

Wa kwanza atasema: "Mume ni kichwa cha nyumba, na mahindi ya kuku yametoka katika mshahara wake." Nami nasema, ikiwa umetoa fedha ya mahindi, iandikwe daftarini kwamba umetoa, nawe utakuwa mwenye fungu kwa kadiri ya ulichotoa. Hilo ni haki. Lakini kuku hakukua kwa mahindi peke yake. Alikua kwa kufunguliwa alfajiri na kufungiwa jioni, kwa maji kubadilishwa, kwa banda kusafishwa, kwa kifaranga aliyelowa kukaushwa karibu na jiko. Kazi hiyo nayo ina thamani. Na kichwa cha nyumba kikiwa hakijui idadi ya kuku waliomo, basi ni kichwa kisicho na macho.

Wa pili atasema: "Kuleta madaftari ya ofisi nyumbani kutaua mapenzi." Hili lina sura ya kweli, kwa kuwa nyumba si ofisi, na hakuna apendaye kuishi na mkaguzi. Walakini kwetu daftari halikuua kitu. Lililokuwa likiua ni yale niliyoyafanya kwa siri, na daftari lilionyesha tu. Tangu tulipokubaliana kuandika, nimekuwa nikisema na mke wangu juu ya mambo ya nyumba kuliko miaka yote ya nyuma. Twakaa Jumapili baada ya chakula, watoto wanasoma hesabu kwa sauti, na sote twajua ni lipi linawezekana mwezi ujao na lipi haliwezekani.

Wa tatu atasema: "Mke akiachiwa mali ataficha fedha." Pengine wapo waficho, kama walivyopo waume wafichao mishahara. Lakini mimi nauliza: katika nyumba ambayo kila kilicho wazi huchukuliwa, ni nani asiyejifunza kuficha? Mali iliyo salama haihitaji kufichwa.

Wala sitaki mtu afikiri kwamba lawama yote ni ya akina baba. Nimeona nyumba ambazo watoto hufanywa watumwa wa mifugo. Mtoto hutumwa kukata majani ya sungura na mbuzi tangu atokapo shuleni hata giza likaingia, kisha husinzia mbele ya kitabu, na mwisho wa mwaka wazazi hushangaa kwa nini amefeli. Nimeona pia nyumba ambazo kuku hulala jikoni, na mtoto mdogo hula ugali kwa mkono ule ule aliokuwa akichezea vifaranga. Kinyesi cha kuku huchukua vijidudu viletavyo kuharisha, na mtoto mchanga ndiye huumia zaidi. Banda liwe mbali na jiko na vyumba vya kulala, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu atokapo bandani. Kuku mgonjwa asichinjwe wala kuuzwa, na aliyepewa dawa mayai yake yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa katika dawa zipite. Haya si mambo ya daktari tu. Ni ya kila nyumba.

Kadhalika tusisahau majirani. Mbuzi aliyefunguliwa hajui mpaka wa kiwanja, na mchicha wa jirani kwake ni sawa na majani ya Serikali. Halmashauri zetu za miji zina sheria ndogo juu ya mifugo, na mtumishi wa Serikali ndiye asiyefaa kukutwa akizivunja. Kabla ya kununua mbuzi au nguruwe, mtu aende kwa mtendaji wa mtaa aulize ruhusa ni ya wanyama gani na wangapi. Tena amwulize na mwenye nyumba, maana mpangaji akifukuzwa pamoja na mbuzi wake, wote wawili huuzwa kwa bei ya haraka.

Na jambo jingine ni tamaa. Wengine wetu tusikiapo neno la ufugaji hukimbilia mkopo. Huko Kenya, katika miaka ya 2013 na 2014, watu wengi walikimbilia kufuga kware baada ya kusikia kwamba mayai yao huponya maradhi mengi na kuuzwa kwa bei kubwa. Kila mtu akawa muuzaji, mnunuzi akapungua, bei ikaanguka, na mabanda yakabaki. Kuku wa mayai wa kisasa ni kuku mzuri. Hutaga mayai zaidi ya 250 kwa mwaka akitunzwa vyema. Lakini hula chakula cha kununua kila siku, apate kutaga asipate, na karani aliyekopa ili afuge mia tano kabla ya kujua kufuga watano, huyo amepeleka mshahara wake kwa mwenye duka la chakula cha kuku. Watumishi wengi wa nchi yetu hulazimika kustaafu wakiwa na miaka 60, na wakitaka waweza kutoka wakiwa na 55. Anayengojea siku ile ndipo aanze kujifunza kwa fedha ya kiinua mgongo, anajifunza kwa bei ghali mno. Bora kujifunza sasa, kwa mitetea minne, uani, ambapo kosa ni dogo.

Sasa niseme tulivyopatana nyumbani, si kwa kujisifu, ila yeyote apendaye apate kuiga.

Kwanza, kila mnyama ana mwenyewe, na jina la mwenyewe limeandikwa. Kuku ni wa mama. Mbuzi ni wa mama na mimi, kwa kuwa nalijenga zizi na kununua beberu. Kila mtoto ana mtetea mmoja wake mwenyewe, na akiuzwa mtoto wa mtetea huyo, fedha ni ya mtoto, nayo huwekwa kwa ajili ya vitu vyake vya shule.

Pili, hapana atoaye mnyama au yai bila kumwuliza mwenyewe. Mgeni wangu akija, nami nataka achinjiwe kuku, namnunua kwa mke wangu kwa bei ya sokoni, fedha mkononi. Hili lilinichoma sana mwanzoni. Lakini nimeona kwamba mgeni niliyemlipia humkaribisha kwa moyo mweupe zaidi, na mke wangu humpikia vizuri zaidi. Kumkirimu mtu kwa mali ya mwenzako si ukarimu.

Tatu, kazi ya watoto ina mpaka wake: kufungua na kutia maji kabla ya shule, na muda usiozidi saa moja jioni. Wakati wa mitihani kazi hiyo ni yangu. Nimejifunza kufagia banda nikiwa na miaka 48, na sijaona cheo changu kikishuka.

Nne, tarehe za chanjo zimeandikwa ukutani karibu na kalenda, na siku hiyo twachanja pamoja na nyumba nne za jirani. Sababu ni hii: kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, nacho kikiisha kufunguliwa hakikai siku nyingi. Mtu mmoja akinunua peke yake hutupa zaidi ya alichotumia; watu watano wakichanga, kila mmoja hutoa kidogo. Tena ugonjwa haujui ukuta: kuku wangu aliyechanjwa na wa jirani asiyechanjwa hudonoa chini ya mwembe mmoja.

Tano, uhamisho ukija, mama ndiye atakayeamua nani auzwe, nani agawiwe na nani asafiri nasi. Twajua sote jinsi barua ya uhamisho ijavyo ghafula, na jinsi mali ya mke inavyouzwa kwa siku mbili kwa bei ya bure ili gari lisichelewe. Hasara hii haiandikwi katika posho yoyote ya uhamisho.

Banda letu lilifunguliwa tena mwezi wa Julai, 2021. Sikumwomba mke wangu alifungue, naliogopa. Nalileta tu mitetea tisa, mmoja mmoja, kadiri mshahara ulivyoniruhusu, na kila nilipoleta naliandika daftarini chini ya safu mpya ambayo binti yangu aliifungua aliporudi likizo: Amerudisha Baba. Wale tisa walipotimia aliupigia mstari ule wa zamani kwa rula. Mayai 23 hajayapigia mstari. Nalimwuliza kwa nini, akasema hajui ahesabu mayai au ahesabu kuku ambao wangalitoka ndani yake, na watoto wa kuku hao. Mimi nami nimefanya hesabu hiyo mara nyingi, nikashindwa kuifunga. Ndilo deni nililolitaja mwanzo.

Bwana Mhariri, naona nimesema kwa urefu, basi nitoe shauri langu kwa chama. Naomba kila tawi lichague siku moja kila baada ya miezi mitatu, wanachama wafugao wachange fedha ya chanjo, wamwite afisa mifugo, na nyumba zote zichanjwe kwa pamoja. Na katika mkutano utakaofuata, badala ya kuulizana nani amepanda cheo, tuulizane nani ana daftari la uani, na mwandiko uliomo ni wa nani. Ikiwa safu ya mwisho ina kichwa kama kile nilichokikuta mimi, mwenye safu hiyo asione haya kulisema mbele ya wenzake. Nami nimekwisha kulisema kwanza ili wengine wapate njia.

Wale watakaonipinga nawaomba waandike, lakini kabla ya kushika kalamu waende uani wahesabu kuku, kisha wamwulize mama wa nyumba kama hesabu yao ni sawa.

Nami ni mwanachama mwenzenu,

KARANI WA MASIJALA,
Dodoma.